Ndoa ya Misa ya asubuhi, bila kamati na bila ukumbi

Swali: Tumsifu Yesu Kristo mwalimu, na shikamoo. Mimi na baba watoto tunaishi pamoja mwaka wa tisa sasa, hapa Morogoro. Sote ni Wakatoliki, tumebatizwa na kupewa Kipaimara, na hakuna aliyewahi kufunga ndoa kwingine. Mahari ilishapokelewa, na tuna watoto wawili. Kila mwaka tunasema mwaka huu tutafunga ndoa. Kamati inakaa, bajeti inafika milioni kumi na nne, michango haitimii, tunaahirisha. Mwezi uliopita binti yetu mkubwa, ambaye yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, aliniuliza kwa nini mimi hubaki kwenye benchi watu wakienda kupokea. Nilikosa jibu. Nikashauri tufunge ndoa kimya kimya kwenye Misa ya asubuhi. Mama yangu alilia, akasema nitamwaibisha. Mwenzangu akasema tusubiri kwanza tujipange. Je, ndoa ya namna hiyo ni ndoa kamili? Na je, ninakosea kuitaka?

Jibu: Milele Amina, mwanangu, na marahaba. Nianze na ulichouliza ili usisome yote haya ukiwa na wasiwasi. Ndoa ya namna hiyo ni ndoa kamili, haina upungufu hata kidogo, na hukosei kuitaka. Umechelewa kuitaka, na hilo nitalisema mbele, lakini hukosei.

Nimefundisha wachumba parokiani kwa miaka 22, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mtetezi wa kifungo cha ndoa katika mahakama ya Kanisa. Huyo ndiye anayesoma jalada la ndoa inayodaiwa kuwa batili na kutafuta kila sababu ya haki ya kuitetea. Majalada hayo huuliza mambo mazito ya ndani ya watu. Aliridhia kwa hiari yake? Alielewa anachokiahidi? Alificha jambo kubwa? Alikusudia kukaa na mwenzake mpaka kufa, au aliweka akilini mlango wa kutokea? Padre alikuwa na mamlaka ya kufungisha? Sijawahi kufungua jalada hata moja linalouliza kama kulikuwa na ukumbi.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, inasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili, na ridhaa hiyo hakuna binadamu yeyote anayeweza kuitoa kwa niaba yao. Kanuni ya 1108 inaongeza namna ya kuitoa: mbele ya askofu wa mahali au paroko, au padre au shemasi aliyeruhusiwa na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Katika Kanisa letu la Kilatini tunafundisha kwamba wanaopeana sakramenti hii ni bwana na bibi harusi wenyewe. Padre anaiomba na kuipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Hesabu basi: wewe, mwenzako, padre, na mashahidi wawili. Watu watano, na ndoa imekamilika mbinguni na duniani.

Ila neno lako moja nalirekebisha. Umeandika "kimya kimya". Ndoa unayoitaka si ya kimya kimya. Jina lako na lake yatatangazwa kanisani Dominika tatu mfululizo, na yeyote anayejua kizuizi ataombwa aseme. Jumuiya yenu itajua, majirani watajua, vitabu vya parokia vitaandikwa. Ndoa ya siri ipo kweli katika sheria, kanuni ya 1130, lakini hiyo huruhusiwa na askofu peke yake kwa sababu nzito na ya haraka, na mashahidi wake hufungwa midomo. Yako ni ndoa ya hadharani isiyo na ukumbi. Mweleze mama yako tofauti hiyo kwa maneno hayo hayo, kwa sababu nadhani nusu ya machozi yake yanatoka kwenye neno "kimya".

Nataka ujue pia kwa nini Kanisa linadai padre na mashahidi, maana wako wanaoniambia kwamba hizo ni taratibu za ofisi tu, Mungu anaona mioyo. Kwa karne nyingi Kanisa halikudai hivyo. Mwanamume na mwanamke wakipeana neno, hata uchochoroni, walikuwa wameoana. Kilichofuata unaweza kukikisia. Mwanamume anachoka, anakana mbele ya watu kwamba hakutoa neno lolote, anakwenda kuoa hadharani kwingine, na yule wa kwanza anabaki na mtoto mgongoni bila shahidi hata mmoja. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ndio uliokomesha hali hiyo mwezi Novemba 1563, ukaamuru kwamba ndoa isiyofungwa mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu ni batili. Amri hiyo haikutangazwa kila mahali, hivyo Papa Pius X akaja kuieneza karibu katika Kanisa lote la Kilatini kwa tamko la mwaka 1907 lililoanza kutumika Pasaka ya 1908. Kwa hiyo mashahidi wale wawili, mwanangu, waliwekwa kwa ajili ya mwanamke kama wewe.

Serikali nayo ina njia yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia kuwa mke na mume, mahakama itadhania kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengi wanakitumia kifungu hicho kujituliza: "Sisi ni mke na mume kisheria." Kifungu kile kina kazi njema, kinamsaidia mwanamke asifukuzwe mikono mitupu. Lakini ni dhana ya mahakama juu ya watu ambao hawajasema. Kanisa halidhanii ridhaa kwa kuhesabu miaka, linataka kuisikia ikitamkwa. Mmekaa tisa na hamjatamka.

Sasa nije kwenye bajeti, kwa sababu hapo ndipo ndoa zenu zinapokwama, na mimi hapo moyo unaniuma.

Sifichi kwamba mimi ni mtu wa mambo ya zamani. Lakini harusi ya mbwembwe si jambo la zamani, wala tusiwasingizie babu zetu. Kuchangia ndiyo ya zamani, na ni fadhila kubwa ya watu wetu. Huyu analeta mkungu wa ndizi, huyu debe la mahindi, akina mama wanaleta vyombo na kanga, vijana wanakata miti ya nyumba. Ukiisha mnuso, kinabaki kitu: nyumba mpya ina sufuria, ina jembe, ina mbuzi anayenyonyesha. Mchango ulikuwa wa kuwaanzishia watu maisha. Leo tumebaki na jina lile lile la mchango, lakini pesa yote inateketea kati ya saa moja jioni na saa sita usiku, na wachangiaji wanapewa kadi ya singo au dabo kama tiketi ya kuingilia.

Wachumba fulani waliwahi kuniletea daftari la kamati yao nilitazame. Lilikuwa kauntabuku, mistari imepigwa kwa rula, mwandiko mzuri wa mweka hazina. Ukumbi, mapambo, MC, muziki, vinywaji, chakula, keki, video, magari, sare za kamati, matarumbeta. Vitu 27. Cha 27, chini kabisa, baada ya "dharura", kiliandikwa "kanisani", na kiasi chake kilikuwa pungufu ya nusu ya keki. Sikuwagombeza, kwa sababu walikuwa vijana wema na walifuata daftari la kaka yake mmoja wao, naye alifuata la rafiki yake. Lakini niliwaomba waniambie, kati ya mistari hiyo, ni upi ukifutwa wasingekuwa wameoana. Yule binti aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Alikiweka bila kufikiri, kisha akakiacha pale muda mrefu.

Kamera nazo zimeingia hadi mahali patakatifu. Nimeona kwa macho yangu mpiga picha akimwomba bwana harusi arudie kumvisha mwenzake pete, eti mkono wa padre ulikinga picha. Wakarudia. Maneno "pokea pete hii, iwe ishara ya upendo na uaminifu wangu" yakasemwa mara ya pili kwa ajili ya kamera. Hakuna aliyeona vibaya. Hicho ndicho ninachokilalamikia katika utamaduni wa siku hizi: unatuzoesha kuona kwamba jambo likitokea bila kuonekana halijatokea. Ndoa ni kinyume chake. Asilimia kubwa ya ndoa ni mambo ambayo hayatapigwa picha kamwe, mtu kuamka usiku kumshika mgonjwa, mtu kunyamaza akiwa na haki ya kujibu. Na nikwambie jingine ambalo limenisumbua kwa miaka: maharusi wengi, Dominika ya kwanza kabisa ya maisha yao ya ndoa, hawaendi Misa. Wamechoka na ukumbi.

Usinielewe kwamba karamu ni dhambi. Bwana wetu alikwenda harusini Kana, na muujiza wake wa kwanza aliufanya pale, kwa ajili ya divai iliyowaishia wenyeji. Karamu ni nzuri. Kosa ni kuifanya karamu kuwa lango la sakramenti, ili asiye na milioni kumi na nne akae nje. Kanisa halikuweka lango hilo. Kanuni ya 848 inawakataza wahudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka husika, na inawataka wahakikishe maskini hawakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mtakatifu Yohane Paulo II, mwaka 1981, na Papa Fransisko, mwaka 2016, wote waliandika juu ya watu wanaoishi pamoja bila ndoa kwa sababu za hali ya maisha, na Fransisko aliitaja waziwazi gharama ya sherehe. Huyo huyo aliwaomba wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti, wachague sherehe ya kiasi ambayo upendo ndio unaotangulia. Watu wasikwambie basi kwamba unaleta mapya.

Nilisema nitazungumza juu ya kuchelewa. Mwanangu, parokiani tunaita hali yenu uchumba sugu, na watu hulitamka neno hilo wakicheka. Mimi silicheki. Kuishi kama mke na mume bila kuwa mke na mume ni dhambi kubwa. Tuliifundisha jana na tutaifundisha kesho, na ningekukosea heshima kama ningekupunguzia. Miaka tisa ni zaidi ya Dominika 460. Katika kila moja ya hizo Bwana alijitoa altareni hatua ishirini kutoka kwenye benchi lako, na kilichokuzuia ni bei ya mapambo. Nikifikiria hivyo silalamiki juu yako peke yako. Naona aibu juu yetu sote tulioketi kwenye kamati, tukachangia sare, na hatukuuliza hata mara moja kama wale wawili wanapokea.

Binti yako mjibu ukweli kwa kiasi chake. Mwambie: "Mimi na baba hatujaenda kanisani kuahidiana mbele ya Mungu, tumechelewa, na sasa tunajiandaa." Mtoto wa umri huo anaelewa kuchelewa, kwa sababu yeye mwenyewe huchelewa shule. Wala usiogope juu ya hadhi yake. Kanuni ya 1139 inasema watoto huhalalishwa na ndoa ya wazazi wao inayofungwa baadaye, na yeye atapokea Komunyo yake ya Kwanza hata kama ninyi hamjafika.

Mama yako usimshinde kwa kanuni. Kule Kana, aliyeona aibu inayowajia wenyeji alikuwa mama, na hakuwakemea kwa kupanga vibaya. Alikwenda kwa Mwanawe. Mama yako amechangia harusi za watoto wa wenzake kwa miaka mingi, ana deni la kurudishiwa, na anaogopa kuonekana kwamba mwanawe hakuthaminiwa. Hayo si majivuno matupu. Mtafutie nafasi yake. Mwombe yeye ndiye aandae chai siku hiyo, yeye ndiye achague kitenge, yeye ndiye akushike mkono mlangoni. Na mwambie wazi kwamba sherehe ya shukrani inaweza kufanyika baadaye, mwaka ujao au ya miaka kumi ya ndoa, mkiwa mmeshafungwa na hamna haraka.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami nimelisoma mara tatu kwenye barua yako. Mwenzako alisema "tusubiri kwanza tujipange". Ulipompa njia isiyohitaji kujipanga, bado alisema tujipange. Huenda anaona haya mbele ya wanaume wenzake. Huenda anaogopa kuungama, na hilo ni la kawaida kuliko unavyodhani, maana wanaume wengi niliokutana nao hawakuwa na hofu ya ndoa, walikuwa na hofu ya kile kiti cha maungamo. Lakini huenda pia pesa imekuwa pazia, na nyuma yake hakuna ridhaa. Muulize ana kwa ana, siku ambayo hamjagombana, swali moja tu: "Gharama ikiwa sifuri, na tarehe ikiwa mwezi ujao, unanioa?" Kisha nyamaza umsikilize. Akijibu ndiyo, basi mambo yote mengine ni ya kupanga. Akizungukazunguka, usimtishe, usimwite kwenye kikao cha wajomba wambane. Ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ni batili, kanuni ya 1103, na majalada ya namna hiyo nimeyasoma, yanaliza. Nenda kwa paroko umweleze, naye atamwita kwa upole. Na kama mwisho wa yote hataki, ni heri ulijue leo kuliko mwaka wa kumi na tano. Hapo utahitaji shauri jingine, niandikie tena.

Nikupe picha moja ya hicho unachokitaka, usije ukakiwaza kama kitu cha huzuni. Ilikuwa Jumatano, Misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wa Misa ya kila siku walikuwepo, wale wazee wanaojulikana, masista wawili, na wanafunzi wachache wenye mabegi. Bibi harusi alivaa gauni la kitenge alilokuwa ameshonewa Pasaka iliyopita. Walikuwa na watoto watatu, na mdogo alilala begani kwa shahidi tangu Somo la Kwanza. Bwana harusi, fundi seremala, alitetemeka mkono kiasi kwamba pete iligoma kwenye kifundo cha kidole, bibi harusi akaisukuma mwenyewe. Wakati wa Komunyo walipiga magoti wote wawili. Bibi harusi alikuwa hajapokea kwa miaka kumi na moja. Bibi mmoja wa Misa za asubuhi, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, alianzisha wimbo kwa sauti ya kukwaruza na kanisa zima likaitikia. Baadaye tulikunywa chai ya maziwa na maandazi nyumbani kwa dada wa bibi harusi, na saa tatu fundi alikwenda kufungua karakana, akiwa na pete.

Kwa upande wa utaratibu, anza ofisi ya parokia mnakoishi. Mmoja wenu akiwa na makazi pale, au amekaa mwezi mzima, inatosha. Omba cheti cha ubatizo kilichotolewa upya, kisichozidi miezi sita, kutoka parokia uliyobatizwa, naye vivyo hivyo. Sababu ni kwamba ndoa huandikwa pembeni ya jina lako kwenye kitabu cha ubatizo, kwa hiyo cheti kipya ndicho kinachoonyesha kwamba hujafungwa na mtu mwingine. Andikeni barua kwenye parokia hizo leo, maana hapo ndipo siku nyingi hupotea kuliko mahali pengine. Chukueni utambulisho wa mwenyekiti wa jumuiya. Padre atawahoji kila mmoja peke yake, jibuni kweli. Mafundisho yana muda wake kwa kila parokia, na paroko anajua kuyapangia watu ambao tayari wana nyumba na watoto. Taarifa ya serikali ni angalau siku 21 kabla ya ndoa, na zinakwenda sambamba na zile Dominika tatu za matangazo. Ulizeni pia kama parokia inaandaa ndoa za pamoja. Nyingi huziandaa, na hapo mama yako atapata umati anaoutaka.

Kuanzia mtakapokubaliana tarehe, lalani vyumba tofauti. Najua ni nyumba ndogo. Wewe lala na watoto. Muungame mapema, kila mmoja kwa wakati wake, msingoje asubuhi ya ndoa mkiwa na haraka. Mashahidi chagueni wawili wanaosali na wanaoishi ndoa yao vizuri, hata kama hawana gari.

Na binti yako, paroko akikubali, apange vitabu vya nyimbo kwenye mabenchi asubuhi hiyo, kisha akae benchi la mbele ili awaone mkipokea.